Kubadili kilo, mega na maikro kuwa kumi na kipeo chake

Ukikuta kipimo kimeandikwa 80 MW, ile herufi M si pambo. Ni namba iliyofichwa, nayo ni milioni, yaani 10⁶. Kazi nzima ya kubadili kipimo kuwa nukuu ya kisayansi ni kuitoa namba hiyo mafichoni, kuiweka kando ya namba iliyoandikwa, kisha kuzifanya mbili hizo ziwe moja. Wanaokosea mara nyingi ni wale wanaoanza kwa kuhesabu sifuri kwa kidole. Ukifika sifuri ya saba, kidole huteleza.

Nukuu ya kisayansi, ambayo darasani wengi huiita standadi fomu, ina sehemu mbili: namba ya mbele, na kumi yenye kipeo. Kipeo ni ile namba ndogo inayokaa juu ya kumi. Sharti ni moja: namba ya mbele isipungue 1 na isifike 10. Kwa hiyo 4.7 × 10³ ni sahihi. 47 × 10² na 0.47 × 10⁴ zina thamani ileile, lakini hazijatimiza sharti.

Viambishi unavyohitaji kuvijua kwa moyo ni hivi:

tera (T) = 10¹²
giga (G) = 10⁹
mega (M) = 10⁶
kilo (k) = 10³
hekto (h) = 10²
deka (da) = 10¹
desi (d) = 10⁻¹
senti (c) = 10⁻²
mili (m) = 10⁻³
maikro (µ) = 10⁻⁶
nano (n) = 10⁻⁹
piko (p) = 10⁻¹²

Vipo vingine juu na chini ya hivi. Mwaka 2022 viliongezwa vinne, cha juu kabisa kikiwa 10³⁰, lakini fundi, muuguzi au mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana navyo. Angalia mpangilio: kuanzia kilo kwenda juu, na kuanzia mili kwenda chini, kila hatua ni tatu. Vile vinne vya katikati, hekto hadi senti, ndivyo vinavyokwenda mojamoja, na ndivyo tulivyokaririshwa shule ya msingi kwa wimbo wa km, hm, dam, m, dm, sm, mm. Wimbo ule ni mzuri ila una mitego miwili. Unamfanya mtu aamini kwamba kila kiambishi ni hatua moja, akifika maikro anaandika 10⁻⁴. Halafu “sm” ni kifupi cha Kiswahili cha sentimita. Kwenye vifaa, dawa na michoro utakuta cm, na ukijaza fomu ya maabara andika cm.

Ukubwa wa herufi pia ni thamani. M kubwa ni mega, m ndogo ni mili, na tofauti yao ni mara bilioni moja. k ya kilo ni ndogo daima. K kubwa ni kelvini, kizio cha jotoridi.

Hatua zenyewe

Chukua mitambo ya umeme ya bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, yenye uwezo wa 80 MW.

Kwanza, tenga vitu vitatu: namba (80), kiambishi (M), kizio (W, yaani wati). Viandike vikiwa vimeachana kama kichwa hakijazoea.

Pili, futa kiambishi na uweke kumi yake: 80 × 10⁶ W. Usiguse ile 80. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu, kwa sababu wanataka kubadili kiambishi na kusogeza nukta kwa mkupuo mmoja.

Tatu, iandike namba yenyewe kwa nukuu ya kisayansi, kana kwamba kiambishi hakikuwepo: 80 = 8.0 × 10¹.

Nne, jumlisha vipeo: 8.0 × 10¹ × 10⁶ = 8.0 × 10⁷ W.

Tano, jiulize kama jibu lina akili. Pasi ya umeme hula wati elfu moja hivi, yaani 10³. Bwawa limetoka 10⁷, sawa na kuwasha pasi elfu themanini kwa pamoja. Inaingia akilini. Lingetoka 8.0 × 10⁵ ungekuwa na bwawa la kuwasha pasi mia nane.

Katika hatua ya tatu kuna kanuni ya kushika: nukta ikienda kushoto, kipeo kinapanda, nukta ikienda kulia, kipeo kinashuka. Sababu ni kwamba thamani haitakiwi kubadilika. Ukiifanya namba ya mbele iwe ndogo mara kumi, lazima kumi ya nyuma iifidie.

Redio inaonyesha vizuri kwa nini hatua ya tatu haiachwi. Masafa ya FM yanaanzia 88 MHz hadi 108 MHz. Kiambishi ni kilekile, kizio ni kilekile. Lakini 88 MHz ni 8.8 × 10⁷ Hz, na 108 MHz ni 1.08 × 10⁸ Hz. Anayekariri kwamba “megahezi ni kumi kipeo saba” atapata ya kwanza kwa bahati na kukosa ya pili.

Mfano mwingine wa kuumiza kichwa kidogo: reli mpya ya SGR inayofika Dodoma ina upana wa 1,435 mm kati ya chuma na chuma. 1,435 = 1.435 × 10³; mili = 10⁻³; ukijumlisha 3 na −3 unapata sifuri. Jibu ni 1.435 × 10⁰ m, na kumi kwa kipeo sifuri ni 1, kwa hiyo ni mita 1.435 tu. Wengi wakiona kipeo sifuri hudhani wamekosea, au mbaya zaidi, huandika jibu ni 0. Reli ya zamani ni 1,000 mm, nayo hutoka 1.000 × 10⁰ m. Ndiyo maana huitwa reli ya mita moja. Umeme wa treni hiyo mpya ni 25 kV: 2.5 × 10¹ × 10³ = 2.5 × 10⁴ V.

Hapo kwenye 1,435 kuna jambo dogo. Kwetu mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Vifaa vingi kutoka Ujerumani na Ufaransa hufanya kinyume, hivyo “1,435 m” kwenye kitabu cha mashine ya huko ni mita moja na kitu, si kilomita moja na nusu.

Kapasita: namba ndogo zenye fitina

Kwenye meza ya fundi redio au fundi simu ndipo vipeo hasi vinapojumlishwa kila siku, na ndipo makosa yanapogharimu. Kapasita (kijenzi kidogo kinachotunza chaji ya umeme) moja inaweza kuandikwa kwa sura tatu: kwenye mchoro 0.047 µF, dukani 47 nF, na kwenye mwili wa kapasita yenyewe 473J. Ili kujua kama ni kitu kimoja, zote zipelekwe kwenye faradi (F), kizio chake.

0.047 µF: namba ni 4.7 × 10⁻², kiambishi ni 10⁻⁶. Jumla ya −2 na −6 ni −8. Jibu 4.7 × 10⁻⁸ F.

47 nF: 4.7 × 10¹ na 10⁻⁹. Jumla ya 1 na −9 ni −8. Jibu lilelile.

473J: tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na kizio kisichoandikwa ni pikofaradi. Kwa hiyo 47 × 10³ pF, yaani 4.7 × 10⁴ × 10⁻¹². Jumla ya 4 na −12 ni −8. Tena 4.7 × 10⁻⁸ F.

Ni kapasita moja. Kosa la kawaida ni kujumlisha 1 na −9 ukapata −10. Ukiwa na wasiwasi, fikiria deni: unadaiwa tisa, umelipa moja, limebaki nane.

Herufi iliyo nyuma ya namba ndiyo fitina yenyewe. J, K na M kwenye kapasita hazihusiani na viambishi. J ni kuruhusu tofauti ya asilimia 5, K asilimia 10, M asilimia 20. Kapasita ya 104K si “104 kilo” chochote. Ni 10 × 10⁴ pF, yaani 1.0 × 10⁵ × 10⁻¹² = 1.0 × 10⁻⁷ F, ambayo ni 100 nF, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 10. Na kwenye redio za zamani ukikuta MFD au hata mF, soma maikrofaradi. Ukiisoma kuwa mili utatafuta kapasita kubwa mara elfu, na hutaipata dukani.

Kwenye rezista herufi hukaa mahali pa nukta: 4k7 ni 4.7 × 10³ Ω, 4R7 ni 4.7 Ω.

Eneo na ujazo: kipeo kinagusa kiambishi pia

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linawapata hata waliosoma. Alama ya mraba katika km² haikai juu ya m peke yake. Inakaa juu ya “km” nzima, pamoja na kilo. Kwa hiyo 1 km² = (10³ m)² = 10⁶ m², na 1 cm³ = (10⁻² m)³ = 10⁻⁶ m³. Zidisha kipeo cha kiambishi kwa 2 au 3 kwanza, ndipo uendelee na hatua zilizobaki.

Mkoa wa Dodoma una eneo la 41,311 km². Namba: 4.1311 × 10⁴. Kiambishi: (10³)² = 10⁶. Jibu: 4.1311 × 10¹⁰ m². Anayesahau mraba ataandika 4.1311 × 10⁷ m². Huo ni mraba wenye upande wa kilomita sita na nusu hivi. Mtu anatembea upande mmoja kabla chai haijapoa sawasawa kwenye chupa. Mkoa unaoanzia Kondoa hadi Mpwapwa hauwezi kuwa hivyo.

Hekta ina hekto ndani yake, ila mraba wake umekwisha kuhesabiwa, basi usiuhesabu tena: 1 ha = 10⁴ m². Ekari haimo katika mfumo wa metriki na haina kiambishi. Itafsiri kwanza, ekari 1 ikiwa karibu 4.05 × 10³ m². Shamba la mizabibu la ekari 3 ni 3 × 4.05 × 10³ = 12.15 × 10³, ukinyoosha 1.2 × 10⁴ m², yaani hekta 1.2.

Kwa ujazo, tuchukue maji ya mvua, maana Dodoma swali hilo halina msimu. Nyumba ya mita 12 kwa 5, na mwaka wenye mvua ya 570 mm. Eneo la paa lipimwe chini, kama kivuli chake jua likiwa utosini, si kwa kufuata mteremko wa bati.

Eneo: 60 m² = 6.0 × 10¹ m².
Mvua: 5.7 × 10² × 10⁻³ = 5.7 × 10⁻¹ m.
Kuzidisha: 6.0 × 5.7 = 34.2, vipeo 1 na −1 vinatoa 0. Kwa hiyo 34.2 × 10⁰ = 3.42 × 10¹ m³.
Mita moja ya ujazo ni lita 10³, hivyo 3.42 × 10⁴ lita.

Kama michirizi inavuja na mvua za kwanza unaziacha zioshe vumbi, piga hesabu ya asilimia 80: 2.7 × 10⁴ lita. Hayo ni matangi matano ya lita 5,000 na kidogo juu. Namna ya kuhakiki bila kalamu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. 60 mara 570 ni 34,200. Imekubali.

Kilogramu, na vizio vilivyoungana

Kizio cha msingi cha tungamo (kwa lugha ya kila siku, uzito) katika mfumo wa kimataifa ni kilogramu, ambayo tayari ina kiambishi. Ndicho kizio cha msingi pekee chenye tabia hiyo, na hapo ndipo wanafunzi wa fizikia hupoteza alama. Kidonge cha 500 mg ni 5.00 × 10² × 10⁻³ = 5.00 × 10⁻¹ g. Swali likitaka kilogramu, punguza kipeo kwa 3: 5.00 × 10⁻⁴ kg. Soma swali linataka gramu au kilogramu kabla hujaanza.

Vizio vyenye mkwaju (alama ya /) hubadilishwa juu na chini kivyake. Maji ya visima sehemu za Singida yanajulikana kwa floridi nyingi, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe ni 1.5 mg/L. Juu: 1.5 mg = 1.5 × 10⁻⁶ kg. Chini: 1 L = 10⁻³ m³. Kugawanya ni kutoa vipeo: −6 toa −3 ni −3. Jibu 1.5 × 10⁻³ kg/m³. Kumbuka kutoa hasi ni kuongeza. Anayepata −9 amejumlisha mahali pa kutoa.

Uniti moja ya LUKU ni 1 kWh. Kilo ni 10³, saa moja ni sekunde 3.6 × 10³, na wati ni jouli (J) moja kwa sekunde, kwa hiyo uniti ni 3.6 × 10⁶ J. Ukinunua uniti 28: 2.8 × 10¹ × 3.6 × 10⁶ = 10.08 × 10⁷. Namba ya mbele imevuka kumi, basi nukta iende kushoto mara moja na kipeo kipande: 1.008 × 10⁸ J.

Kwenye dawa, tahadhari ni ya mwandiko. µg iliyoandikwa kwa haraka hufanana na mg, na kosa ni mara elfu. Ndiyo maana maboksi mengi huandika mcg. 250 mcg = 2.5 × 10² × 10⁻⁶ = 2.5 × 10⁻⁴ g; 250 mg = 2.5 × 10⁻¹ g. Vipeo −4 na −1 vimeachana kwa tatu, na hiyo tatu ndiyo elfu moja yenyewe. Kama mwandiko hausomeki, muulize aliyeandika. Hesabu haiwezi kukuambia alikusudia nini.

Sifuri za mwisho

80 MW iandikwe 8 × 10⁷ au 8.0 × 10⁷? Inategemea kama ile sifuri ilipimwa au ni ya kujazia nafasi. Ukijua kipimo kimefikia tarakimu hiyo ya mwisho, ibakize. Mzani ukisoma 1.50 kg, jibu ni 1.50 × 10³ g, wala si 1.5 × 10³. Usiongeze tarakimu ambazo kifaa hakikusoma: futi kamba haiwezi kukupa 1.20000 × 10¹ m.

Kurudi nyuma

Ukiwa na 3.2 × 10⁻⁵ A na unataka kiambishi, sogeza kipeo hadi kigawanyike kwa tatu, ukienda chini: −5 kuwa −6. Kipeo kimeshuka kwa moja, nukta iende kulia mara moja: 32 × 10⁻⁶ A = 32 µA. Vikokotoo vingi vya kisayansi vina kitufe cha ENG kinachofanya hivi chenyewe.

Kikokotoo na kompyuta

Kwenye kikokotoo cha mkononi kitufe cha EXP au ×10ˣ maana yake ni “mara kumi kwa kipeo”, chote kwa pamoja. Kuingiza 4.7 × 10⁻⁸, bonyeza 4.7, EXP, (−), 8. Ukibonyeza 4.7 × 10 EXP (−) 8 umeweka kumi ya ziada, na utapata 4.7 × 10⁻⁷. Kosa la pili ni kwenye kugawanya: 6 ÷ 3 × 10^4 bila mabano hutoa 2 × 10⁴, kwa kuwa mashine inagawanya 6 kwa 3 halafu inazidisha. Ukitumia EXP, 6 ÷ 3 EXP 4 hutoa 2 × 10⁻⁴, ambalo ndilo jibu.

Memori kadi ya 64 GB ni baiti 6.4 × 10¹⁰. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows unaona 59.6 GB hivi. Haijachakachuliwa: mtengenezaji anahesabu giga kuwa 10⁹, kompyuta inagawanya kwa 2³⁰, ambayo ni karibu 1.074 × 10⁹. (Kadi feki kwa kawaida huonyesha ukubwa ulioandikwa, kisha hupoteza mafaili baadaye, kwa hiyo hesabu hii haiikamati.)

Kwenye Excel, 8.0 × 10⁷ huingizwa kama 8E7 na huonekana 8.00E+07. Lakini Excel pia hugeuza bila kuombwa. Namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 itaonekana kama 9.9E+11 au mfano wake. Hiyo haijaharibika, badili muundo wa seli na itarudi. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ni hatari zaidi, kwa sababu Excel huhifadhi tarakimu 15 tu na tano za mwisho huziweka sifuri, wala hazirudi. Fanya seli kuwa ya maandishi kabla ya kuandika, au anza na alama ya ' mbele ya namba.